Maziwa ya Jioni

Karatasi aliyoitandaza Lilian juu ya kaunta ilikuwa na duara kubwa lililopakwa rangi nne, na chini ya duara hilo herufi ndogo ndogo zimejipanga kama siafu: A, T, G, C, kisha hizo hizo tena, mpaka macho yanachoka. Ambilikile alisogeza pembeni kopo la dawa ya kupe, akavaa miwani, akainama. Nje mvua ya Tukuyu ilikuwa inanyesha ile ya kawaida yake, isiyo na haraka wala haya, na mtaa mzima wa Makandana ulinuka matope na moshi wa kuni mbichi.

"Hii ndiyo kazi ya miaka miwili, mzee wangu," Lilian alisema. "Zile sampuli tulizozunguka nazo mimi na wewe, mavi ya ng'ombe na mavi ya watoto. Mwenzio nimezibeba kwenye barafu mpaka Ulaya. Forodhani wakaniuliza, dada, umebeba nini? Nikawaambia, mavi ya Rungwe. Wakaniruhusu haraka!"

Ambilikile alicheka. Alimpenda huyu binti wa Morogoro, aliyesomea mambo ya vimelea mpaka akafika kwenye udaktari wa chuo kikuu, na ambaye mwaka 2003 alikuja na mabuti yake ya mpira akimtafuta mtu anayejua kila zizi la wilaya. Mtu huyo alikuwa mmoja tu. Kila aliyeulizwa alimwelekeza kwenye duka hili la dawa za mifugo: nenda kwa Bwana Mifugo. Hata baada ya serikali kumvua kazi, watu waliendelea kumvisha cheo.

"Sasa nieleze mimi wa zamani," alisema. "Hili gurudumu ni nini?"

"Bakteria mchukulie kama nyumba. Vinasaba vyake vikubwa ndiyo kuta, havihami. Lakini ndani ana vipete kama hivi, tunaviita plasmidi. Hivi vinahama. Bakteria akimkaribia mwenzake anampa nakala, hata kama si wa ukoo wake."

"Bila kuombwa?"

"Bila kuombwa. Na ya kwake inabaki."

"Wana roho nzuri kuliko sisi."

"Subiri uone wanachopeana." Lilian aliweka kidole kwenye rangi ya njano. "Hapa ni kinga dhidi ya tetrasaiklini, ule unga wako wa njano. Hapa, nyekundu, kinga dhidi ya kloramfenikoli. Kijani, ampisilini. Bluu, septrini. Vipande hivi vyenyewe vilikuwa vinarukaruka huko nyuma, kila kimoja na safari yake, mwisho vikakutana kwenye pete moja. Kwa hiyo ukimwaga dawa moja tu, bakteria wenye pete hii ndio wanaobaki hai. Unga wa njano unamlinda anayejua kuukataa, na huyo huyo anazikataa na zile tatu nyingine za hospitali."

Ambilikile alikuwa ameelewa haraka kuliko alivyotaka.

"Tumeisoma herufi kwa herufi," Lilian aliendelea, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyefika kileleni. "Zaidi ya laki moja. Pete ya ng'ombe wa kijiji cha Matwebe, na pete ya bakteria mwingine kabisa, wa kwenye damu ya mtoto, aliyekuwa amehifadhiwa kwenye friza ya hospitali kabla hata sijafika huku. Bakteria ni wawili tofauti, mzee. Pete ni ile ile. Tofauti ni herufi mbili tu."

"Mtoto gani?"

"Majina sipewi. Namba thelathini na moja. Mvulana, miaka minne, Kisiba, Aprili 2002. Walimpa dawa zote nne zilizokuwepo."

Mvulana, miaka minne, Kisiba, Aprili 2002. Ambilikile alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Alikuwa amebeba upande mmoja wa jeneza lile. Lilikuwa jepesi mno, na waliolibeba walikuwa wakijikwaa kwa sababu mikono ilikuwa imejiandaa kwa uzito usiokuwepo.

"Kuna kitu kimoja kinaninyima raha," Lilian alisema, akikunja uso. "Pete ya namna hii inashamiri mahali penye tetrasaiklini kidogo kidogo, kila siku. Lakini kwenye madodoso yetu kina mama wote walisema wanampa ng'ombe akiugua tu. Sasa hiyo ya kila siku inatoka wapi?"

Mvua ilizidi juu ya bati.

"Mimi naona ni vidonge," alijijibu mwenyewe. "Vile vya rangi mbili vinavyobaki nyumbani. Mtoto akikohoa, mama anampa kimoja. Halafu wanachelewa kwenda hospitali. Kesho kwenye mrejesho pale ofisi ya kata Kisiba nitalisema hilo wazi, kwa heshima lakini wazi. Utanitafsiria tena, eh? Wale bibi hawanielewi."

"Nitakutafsiria," Ambilikile alisema.

Sasa ni lazima mambo yasemwe kama yalivyokuwa, maana katika nchi hii yaliyofanyika jana yanaitwa historia na yaliyofanyika juzi yanaitwa uzushi.

Ambilikile aliajiriwa kuwa bwana mifugo mwaka 1971. Kwa miaka ishirini na tatu alipanda na kushuka vilima hivi na baiskeli, akichanja, akiogesha, akizalisha ndama kwa mkono uliopakwa sabuni hadi begani. Mwaka 1994 karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya wilaya. Majina kumi na saba, la kwake la sita. Walioipanga orodha hiyo hawakuacha anwani. Walisema serikali imebeba watu wengi mno, kwamba kuanzia sasa dawa atauza yeyote mwenye kaunta na mfugaji atachagua mwenyewe. Soko huria. Huria kwa nani, hilo halikuandikwa mlangoni. Josho la Matwebe likaota magugu. Hospitali nayo ikaanza kudai mchango kwa mgonjwa kabla hajaguswa. Na mwaka 1997, mchana kweupe, tangi la ubaridi la kituo cha maziwa, lile walilolijenga wakulima kwa michango ya miaka tisa, liliuzwa, likakatwa kwa msumeno wa chuma na kupakiwa kwenye lori. Wapo Kisiba wanaokumbuka hadi rangi ya lori lile. Lilikuwa la kijani.

Tangi lilipoondoka, maziwa ya jioni yakakosa pa kulala. Gari la mnunuzi lilipita mara moja tu kwa siku, asubuhi. Wakala wa mnunuzi, Zuber, mtu wa Tukuyu mjini mwenye utani mwingi na kofia ya kufuma, alidondoshea spiriti kwenye kijiko cha maziwa ya kila ndoo kuyapima, na yaliyokamuliwa jana jioni yaliganda papo hapo. "Haya yameshakuwa mtindi, mama, yarudishe ukale na ndizi," alikuwa akisema, na mwanamke aliyetembea saa nzima na ndoo kichwani anageuka na kutembea saa nyingine.

Ndipo kina mama watano wa Kisiba walipokuja dukani, mwaka 1998, wakiwa wamelowa. Mmoja wao alikuwa Tulia, ndiyo kwanza ameolewa. "Bwana Mifugo, wewe umesoma," walisema. "Tufanyeje?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo kwa miaka minne. Hilo lisisahauliwe, ingawa halimwondolei kitu. Alisimama nyuma ya kaunta yake, akafikiri, na fikra ikaja nyepesi kabisa: maziwa huchachushwa na vimelea. Unga wa njano huua vimelea. Akachukua kijiko cha chai, akawaonesha ncha yake. "Kiasi hiki tu, kwa ndoo moja, mara tu mkimaliza kukamua jioni."

Ilifanya kazi. Zuber alidondosha spiriti na maziwa yakatulia kama maji ya ziwa. Hata rangi ilinoga, umanjano kidogo kama wa siagi, na wanunuzi wakasifu maziwa ya Kisiba kwamba yana mafuta. Wanawake wakaupa unga jina, wakauita "tangi". Nipimie tangi, Bwana Mifugo. Tangi limeniishia. Kutoka Kisiba ujanja ukavuka hadi Matwebe, na kwa kuwa maziwa yalitiwa unga kwenye ndoo kabla ya kugawanywa, yaliyouzwa na yaliyobaki kwa watoto yalikuwa yale yale.

Naye alijua. Chuoni walimfundisha kwamba maziwa ya ng'ombe aliyechomwa dawa humwagwa kwa siku kadhaa, asipewe mtu. Aliwahi kuwafokea wakulima wazima kwa kosa hilo, enzi za baiskeli. Lakini huku ni ncha ya kijiko, alijiambia, na huko ilikuwa sindano nzima. Mtu akitaka kujidanganya hakosi kipimo.

Hata hivyo si kijiko kilichomkosesha usingizi baadaye. Ni ile siku ya mwaka 2003, Matwebe, yeye na Lilian wameketi kwenye viti vya miguu mitatu mbele ya bibi mmoja mwenye ng'ombe wawili. Lilian akauliza kutoka kwenye dodoso lake: unatumia unga wa njano wakati gani? Ambilikile akatafsiri. Bibi akajibu kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya mtu asiye na la kuficha: "Kila jioni, kwenye maziwa, kama huyu tata, baba yetu huyu, alivyotufundisha." Na akamnyooshea kidole.

Lilian aliinua kalamu. "Anasemaje?"

"Anasema anampa ng'ombe akiharisha," Ambilikile alijibu.

Kalamu ikaandika. Siku hiyo alitafsiri hivyo mara saba, na wiki nzima mara arobaini na kitu, na kila mara ulimi ulikuwa mwepesi zaidi.

*

Asubuhi ya mrejesho alitangulia Kisiba, saa nne nzima kabla ya mkutano. Alishuka njia panda, akakata katikati ya migomba, na njia nzima alikuwa akipanga maneno. Angeanza na salamu. Kisha angesema, mama Meshaki, nimekuja kwa jambo zito.

Tulia alikuwa zizini akisugua ndoo kwa majani na majivu. Alipomwona aliinuka haraka, akapiga magoti nusu.

"Shikamoo baba. Karibu! Mbona hukutuma salamu, ningefagia."

"Marahaba, mama Meshaki. Napita tu."

Bado waliendelea kumwita kwa jina la mtoto. Hakuwa na mwingine. Mumewe alikwenda kuchimba dhahabu Chunya mwezi mmoja baada ya mazishi, na hajawahi kuandika. Tulia alibaki kwenye boma la wakwe na ng'ombe mmoja, pamoja na mama mkwe wake, Ikupa.

Ikupa mwenyewe alikuwa kibarazani, ameketi kwenye mkeka, anamenya ndizi zake mwenyewe na kuziweka kwenye chungu chake mwenyewe. Moshi wa meko mawili ulikuwa ukipanda kutoka boma moja.

"Bado?" Ambilikile aliuliza kwa sauti ya chini, akionesha kwa kidevu.

"Bado, baba. Mwaka wa tatu huu. Hajaonja chakula cha mkono wangu tangu tumzike Meshaki. Akiulizwa anasema, aliyeweza kukaa na mtoto anayechemka homa siku mbili ndani, anaweza kuniwekea chochote kwenye chungu." Tulia alisema hivyo bila machozi, kama anayetaja mahali kisima kilipo. "Na ni kweli nilikaa siku mbili. Nilikuwa nasubiri malipo ya maziwa, hospitali wasingenipokea mikono mitupu. Kila siku najiuliza, ningekwenda ile Jumatatu badala ya Jumatano..." Akaacha hapo. "Karibu uketi. Nikuletee maziwa."

"Usijisumbue."

"Kwani hapa ni kwa nani? Wewe ndiye uliyetufanya tukauza."

Akaingia, akatoka na kikombe cha bati. Maziwa yalikuwa na umanjano kidogo kama wa siagi.

"Ya jana jioni," alisema kwa fahari. "Onja uone kama yamechacha. Wala!"

Ambilikile alishika kikombe kwa mikono yote miwili. Maneno yake yote ya njiani yalikuwepo, yamepangwa, hakuna lililopotea. Alilohitaji ni kufungua mdomo. Akaufungua, na akanywa. Alikunywa hadi chini kwa sababu aliyepewa maziwa hayaachi, na kwa sababu alipokuwa akinywa hakulazimika kusema.

"Ndaga," alisema. Asante.

"Ndaga baba. Nitakuja kukusikiliza kwenye mkutano. Wanasema yule daktari msichana amegundua kilichowaua watoto."

Alipofika barabarani aliegemea mgomba na kujaribu kutapika. Hakuweza. Maziwa yalikuwa matamu.

*

Ofisi ya kata ilijaa hadi madirishani. Mtendaji alifungua kwa dakika ishirini za kujishukuru. Lilian alining'iniza mchoro wa pete ukutani kwa misumari miwili, na kina mama waliokaa chini wakaushangaa.

"Ni ungo?" mmoja aliuliza.

"Ni tairi la Zuber," akajibu mwingine. "Ndiyo maana gari halifiki mapema."

"Liacheni tairi langu," Zuber aliitika kutoka mlangoni, "mtanikumbuka likipasuka!"

Wakacheka. Ambilikile alisimama kando ya Lilian, mikono nyuma, akitafsiri. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Alipata maneno mazuri ya Kinyakyusa kwa ile pete inayohama, akasema ni mdudu anayempa mwenzake ngao, na wazee wakatikisa vichwa kukubali. Ikupa alikuwa mstari wa mbele kwenye kiti cha peke yake, fimbo kati ya magoti. Tulia alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama anavyokaa kila mahali siku hizi.

Kisha Lilian akashusha sauti, sauti ile ya upole ya watu waliosoma wanapotaka kumlaumu maskini.

"Sasa kina mama, nisemeje, hili ni gumu. Ngao hii inakua pale tunapompa mtoto vidonge nyumbani bila kupima. Na inaua pale tunapochelewa kumfikisha hospitali. Kuna watoto hapa kata hii tumewapoteza kwa sababu hiyo. Mama ndiye mlinzi wa kwanza."

Akamgeukia mkalimani wake.

Waliojua Kiswahili walikuwa wameshasikia, na macho yao yalikuwa yameanza kutembea kwenda nyuma, kwenda mlangoni. Wazee walikuwa wanasubiri. Ikupa aliinua uso. Ambilikile aliona kwamba akilitafsiri neno hilo kama lilivyo, mwanamke yule wa mlangoni atakuwa ameuawa kwa vipimo vya maabara, na hakuna atakayeweza kumfufua tena.

Akaanza kuongea Kinyakyusa. Aliongea kwa muda mrefu kuliko maneno ya Lilian yalivyostahili.

Chumba kilibadilika. Mtu alisema "Hee!" Mwanamke mmoja akajiziba mdomo kwa kanga. Zuber akavua kofia yake ya kufuma.

"Mzee," Lilian alinong'ona, "umewaambia nini?"

"Nimewaambia si vidonge," Ambilikile alijibu kwa Kiswahili, kwa sauti, ili na wengine wasikie mara ya pili. "Nimewaambia ni unga wa njano kwenye maziwa ya jioni, na kwamba aliyewafundisha ni mimi, dukani kwangu, mwaka tisini na nane. Nimewaambia chuoni nilifundishwa kwamba haifai. Na wewe daktari, wale kina mama hawakukudanganya. Walikuambia kila kitu. Mimi ndiye niliyekudanganya, kila nyumba, kwa wiki nzima."

Lilian alitazama mchoro wake ukutani kana kwamba unaanguka. "Kila siku, kidogo kidogo," alisema polepole. Kisha akamgeukia, na uso wake haukuwa tena wa binti. "Miaka miwili, mzee. Nimeandika uongo wako kwenye kitabu changu kwa miaka miwili."

"Ndiyo."

Ambilikile alisubiri mawe. Alikuwa ameyasubiri tangu jana, na kwa namna fulani alikuwa ameyatamani. Hayakuja. Mzee mmoja alikohoa, akasema huyu mtu ametutumikia toka enzi za baiskeli, tangi alilikata yeye? Wengine wakaitikia, tangi alilikata yeye? Tuwaulize waliouza tangi! Na mama mmoja kijana, ana mtoto mgongoni, akauliza kwa unyonge swali ambalo lilimchoma kuliko jiwe: "Sasa Bwana Mifugo, leo jioni tutie nini?"

Ingekuwa rahisi kuliingia lile pango la hasira walilomfungulia. Hasira yenyewe ilikuwa ya haki, kila neno lake. Lakini waliouza tangi hawakuwahi kumjua Meshaki, wala hawakukaa mbele ya yule bibi wa Matwebe wakageuza maneno yake.

"Waliouza tangi wana dhambi yao," alisema. "Msiichanganye na yangu ili yangu iwe nyepesi. Leo jioni msitie kitu."

"Yataharibika!"

"Yataharibika."

Ikupa aligonga sakafu kwa fimbo. Aligeuza kiti chake, taratibu, mpaka akamwelekea mkwewe.

"Kwa hiyo ni mkono wako," alimwambia kwa Kinyakyusa. "Nilijua. Nilisema miaka yote ni mkono wako. Wewe ndiye uliyekuwa ukitia."

Hilo Ambilikile hakuwa amelipanga. Alikuwa ametoka kumtua mwanamke mzigo mmoja na kumtwisha mwingine, mbele ya kata nzima, bila hata kumwonya asubuhi alipokunywa maziwa yake.

Tulia alisimama. Alikuwa mwembamba kuliko alivyoonekana zizini.

"Mkono ulikuwa wangu, mama," alisema. "Na ulikuwa wa mama Asia, na wa mama Ackson, na wako pia siku nilipokuwa na homa. Tulitia wote. Hayo nitayabeba mwenyewe, sikuombi uniondolee. Mimi nina swali moja tu, na si kwako." Akamgeukia Lilian, akahamia Kiswahili. "Dada daktari. Nilimpeleka Jumatano. Aliugua Jumatatu. Ningempeleka Jumatatu ile ile, angepona?"

Hasira ya Lilian ilikuwa bado usoni, lakini ilibidi aiweke kando, na ilionekana akiiweka.

"Siwezi kuapa, dada. Hakuna anayeweza. Lakini hospitali ilikuwa na dawa nne, na mdudu yule alikuwa na ngao kwa zote nne. Ameandikwa, nimemsoma herufi kwa herufi. Ungekwenda Jumatatu wangempa dawa hizo hizo, na zisingemgusa. Siku mbili zako si zilizomuua."

Tulia alibaki amesimama, ameshika mwimo wa mlango. Midomo yake ilisogea bila sauti, kama anayehesabu siku za juma moja.

"Mtafsirie mama," alisema hatimaye. Hakumwita baba.

Ambilikile alimgeukia Ikupa. Alitafsiri neno kwa neno. Hakuongeza pole, hakuongeza jina lake, na pale Lilian aliposema "siwezi kuapa" naye alisema "siwezi kuapa", ingawa alitamani sana kuliruka. Siku mbili zako si zilizomuua.

Ikupa hakusogea. Vidole vyake vilikuwa vikizunguka kichwa cha fimbo.

"Rudia," Tulia alisema kutoka mlangoni. "Hasikii vizuri sikio la kushoto."

Ambilikile alizunguka kiti cha Ikupa, akapiga magoti upande wa kulia kwenye sakafu ya saruji, akavuta pumzi, akaanza tena tangu mwanzo.